Kutoka Bujora kwa miguu: Kabla ya kufunga begi, familia ihesabu maji

Likizo ya Juni ikikaribia, mjadala nyumbani huwa ule ule: watoto waende kwa bibi, wabaki na runinga, au familia itafute nauli ya kwenda mbali. Kwa wakazi wa Mwanza na mikoa jirani ipo njia nyingine isiyohitaji ndege wala hoteli. Ni kubeba mabegi mgongoni na kutembea siku kadhaa kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Bujora na kufuata Ghuba ya Speke kuelekea mashariki hadi Lamadi, karibu na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti.

Kwa kusikia, ni safari rahisi. Ziwa lina maji baridi hadi macho yanapoishia, vijiji vipo, na barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma haiko mbali. Lakini maji hayo hayo yanayoonekana kuwa mengi ndiyo yanayoifanya safari iwe ngumu kuipanga. Mtoto hawezi kuyanywa yalivyo. Hapaswi kuyaingia. Wala mzazi hawezi kuyavuka kwa mtumbwi kwa sababu tu ng'ambo inaonekana. Anayetaka kuwarudisha watoto wote nyumbani wakiwa wazima hupanga maji kwanza, ndipo afikirie viatu, hema na chakula.

Kwa nini kuanzia Bujora

Bujora ni kilima kilichopo Kisesa, wilayani Magu, takribani kilomita 20 kutoka Mwanza mjini. Hapo ndipo yalipo Makumbusho ya Wasukuma, yaliyotokana na kazi ya Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliyeanza miaka ya 1950 kukusanya na kuhifadhi mambo ya Kisukuma akishirikiana na Wasukuma wenyewe. Mtoto ataona ngoma za watemi, nyumba ya jadi yenye zana zake, na kanisa lililojengwa kwa kufuata umbo la nyumba ya Kisukuma. Mwezi Juni, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, Bujora hujaa watu wa Bulabo, mashindano ya ngoma kati ya makundi mawili ya asili, Bagika na Bagalu.

Ipo sababu nyingine ya kuanzia hapo. Usiku wa kwanza wa safari ya mabegi ni usiku wa majaribio, na unafaa kufanyika mahali ambapo msaada uko karibu. Kituo cha Bujora kimezoea wageni, na mzazi anaweza kupiga simu mapema kuuliza nafasi ya kulala au kupiga hema. Hema likivuja, tochi ikigoma kuwaka au kiatu kikimbana mtoto, asubuhi soko la Kisesa liko hatua chache. Makosa hayo yakigundulika siku ya tatu ufukweni, hayana dawa.

Njiani kutoka mjini familia itapita Igoma, walikozikwa wengi wa waliokufa MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, ikiwa imekaribia Mwanza. Si lazima kushuka. Lakini mtoto aliyezaliwa miaka mingi baadaye anaweza kuambiwa kwamba ziwa wanaloliendea lilichukua mamia ya watu siku moja. Atauliza maswali, na majibu yake yatasaidia pale atakapokatazwa kuogelea.

Ufukwe si mstari

Ramani ya simu huchora ukingo wa ziwa kama mstari mmoja wa buluu. Ukifika, mstari huo haupo. Kuna kipande cha mchanga, kisha mawe makubwa, kisha matete marefu kuliko mtu mzima, kisha shamba la mpunga linalofika majini, kisha mwalo wenye mitumbwi iliyojipanga na dagaa walioanikwa. Mahali pengine njia hupita ufukweni, pengine hurudi ndani kilomita moja au zaidi na kutokea upande wa pili.

Kwa hiyo safari hii haipangwi kwa kilomita za mchanga. Inapangwa kutoka kijiji hadi kijiji, mwalo hadi mwalo. Kwa barabara, Kisesa hadi Lamadi ni takribani kilomita 100. Kwa kufuata ghuba na mizunguko yake, umbali huongezeka. Mtoto wa miaka 11 au 12 mwenye begi mgongoni hutembea kwa furaha kilomita 10 hivi kwa siku. Zaidi ya hapo hutembea kwa kununa, na zaidi ya hapo tena hubebwa. Hesabu hiyo inafanya safari nzima kuwa zaidi ya siku 10, na kwa familia inayoanza, hizo ni nyingi.

Jawabu ni kuikata vipande. Kipande cha kwanza kiwe Bujora hadi Magu mjini, siku nne au tano. Kipande cha pili, Magu hadi Lamadi, kisubiri Juni nyingine. Desemba pia ni likizo, lakini huangukia kwenye mvua, na tope jeusi la mbugani hushika kiatu kama gundi. Juni hadi Septemba ndiyo miezi mikavu.

Mto Simiyu, unaoingia ziwani karibu na Magu, ni mpaka mzuri wa vipande hivyo viwili. Mdomo wa mto si mahali pa familia kuvuka. Una mafunjo na matope, na maeneo ya namna hiyo ndiyo mamba na viboko huyapenda. Familia ipande hadi barabara kuu na kuvuka darajani. Huko Lamadi nako ndiko kituo cha mwisho cha miguu. Mbele yake ni eneo la hifadhi na wanyama wake, ambako mtu hatembei na watoto kwa kujiamulia.

Lita 12 kila siku

Sasa hesabu yenyewe. Mtu anayetembea juani akiwa na mzigo anahitaji takribani lita tatu za maji ya kunywa kwa siku. Familia ya watu wanne, wazazi wawili na watoto wawili, ni lita 12. Lita moja ni kilo moja, hivyo ni kilo 12 kabla ya hema, nguo na unga. Hapo bado maji ya kupikia na kunawa.

Begi la mtoto lisizidi sehemu ya kumi ya uzito wake, au kidogo zaidi kwa kijana aliyezoea. Mwenye kilo 40 abebe kilo nne hadi sita, basi. Maana yake maji mengi yatabebwa na wazazi, na hakuna mzazi atakayebeba ya siku mbili. Kila siku ya safari lazima ipite mahali penye maji ya uhakika: kisima cha pampu, bomba la kijiji au duka lenye maji ya chupa.

Mzazi aandike chanzo cha kila siku kwenye karatasi kabla ya kuondoka. Kama hakijui, apige simu kwa mtu anayekaa huko, au aende kwa daladala wiki moja kabla akaone kwa macho. Kazi hiyo ya siku moja ndiyo inayotenganisha safari na bahati nasibu. Siku isiyo na chanzo kinachojulikana ifutwe au ifupishwe.

Maji ya ziwani yanaweza kunywewa ikibidi, lakini baada ya kuchujwa kwa kitambaa safi na kuchemshwa hadi yatokote vizuri. Vidonge vya klorini ni msaada wa akiba. Vitumike kwa kufuata maelezo ya pakiti, na maji yawe yamechujwa kwanza, maana maji yenye tope hudhoofisha dawa.

Kuyaangalia bila kuyaingia

Hapa ndipo ugomvi wa watoto na wazazi utakapotokea, na ni bora uishe nyumbani. Joto la saa nane mchana, miguu inauma, ziwa liko hatua tano, na watoto wa kijiji wanaoga. Mtoto atauliza kwa nini wao wanaruhusiwa.

Jibu ni kichocho. Vijidudu vya ugonjwa huo hukaa kwa konokono wa majini kwenye kingo zenye majani na maji yaliyotulia, kisha huingia mwilini kupitia ngozi, na dakika chache zinatosha. Havionekani na haviumi vinapoingia. Watoto wa vijijini nao huugua. Ndiyo maana serikali hugawa dawa za kichocho katika shule za maeneo ya ziwa. Mzazi asiwaambie wanawe kwamba watoto wale ni wazembe au wachafu. Awaambie ukweli, kwamba wale hawana maji mengine.

Maji ya kuogea yachemshwe yapoe, au yatoke kisimani. Viatu visivuliwe kwenye maji ya kina kifupi. Aliyelowa kwa bahati mbaya, baada ya kuteleza au kushuka mtumbwini, ajifute mara moja, lakini asijidanganye kwamba amepona kwa kujifuta. Familia ipange kwenda kituo cha afya kupima takribani miezi miwili baadaye, kwa sababu kipimo cha haraka baada ya safari kinaweza kisionyeshe kitu. Dawa ipo na inatibu.

Mamba na viboko wanahitaji sheria mbili tu. Ya kwanza: hakuna anayechota maji peke yake, wala gizani. Ya pili: hema lisisimamishwe kwenye majani yaliyolala kama njia inayotoka majini kwenda nchi kavu. Hiyo ni njia ya kiboko. Hutoka usiku kula majani, na akikuta kitu kati yake na maji, hakizunguki. Wenyeji wanajua wanyama hao wako wapi wiki hii, na swali la kwanza mwaloni liwe hilo.

Mtumbwi wa njia ya mkato

Ghuba ina vighuba vidogo vingi. Siku ya tatu, mbele ya kighuba kinachohitaji saa tatu za kuzunguka, mtu mwema atajitokeza na mtumbwi na kusema ng'ambo ni dakika 20. Kwa wakati huo kila mmoja atakuwa amechoka, na bei itakuwa nafuu.

Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka ikiwa imebakiza umbali mfupi tu kufika gatini Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafariki. Kuona ufukwe si kufika. Upepo wa Ziwa Victoria hubadilika kwa muda mfupi, na mtumbwi uliokuwa umetulia asubuhi huyumba mchana. Kanuni ya familia iwe nyepesi kukumbuka: bila jaketi okozi kwa kila mtu, hakuna kupanda, na baada ya saa tano asubuhi hakuna kupanda hata kama majaketi yapo. Uamuzi huo ukifanywa sebuleni, baba na mama hawatabishana mbele ya mwenye mtumbwi.

Hodi kabla ya hema

Ufukwe unaweza kuonekana mtupu, lakini una wenyewe. Mwalo ni mahali pa kazi. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, wavuvi wa dagaa huwasha taa ziwani, na mtoto aliyeketi mlangoni mwa hema ataona kitu kama mji unaoelea. Alfajiri mitumbwi huingia, akina mama huanika dagaa, magari hupakia. Mwezi ukiwa mpevu, wengi wa wavuvi hao hupumzika. Familia inayotaka kuona taa ichague siku za giza, lakini isilale mwaloni, maana hapo hakuna usingizi usiku ule, na watoto watakuwa wanazuia kazi za watu.

Sehemu sahihi ya kulala huulizwa kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji. Mara nyingi wageni huelekezwa uwanja wa shule, kanisa au zahanati. Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wa nyumbani, yenye majina ya wote na namba ya simu, huondoa maswali mengi. Mtu mzima mwenye begi kubwa na watoto wasiojulikana lazima aulizwe, na kijiji kinachouliza ni kijiji kinacholinda watoto.

Watoto wafundishwe kusalimia. "Mwangaluka" ya asubuhi na "wabeja" ya kushukuru hufungua nyuso za wazee kuliko zawadi. Picha ziombwe kwanza. Dagaa walioanikwa ni fedha ya mtu, hivyo hakuna anayepita juu yao.

Ukiwa Ziwa Victoria jua huchomoza karibu saa 12:45 asubuhi na kuzama karibu saa 12:50 jioni, na giza halichelewi. Familia iwe imefika na kupiga hodi saa 10 jioni. Vyandarua vyenye dawa vifungwe kabla ya mbu, si baada ya kuumwa.

Begi la chakula ambalo bibi analijua

Maduka ya mjini huuza vyakula vikavu vya wasafiri kwa bei kubwa, wakati Usukuma ulitatua tatizo hilo zamani. Matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, kukatwa na kukaushwa, ni vyepesi, havioziki na mtoto huvitafuna akitembea. Michembe, iliyokaushwa ikiwa mbichi, hupikwa jioni. Karanga, unga wa uji na dagaa wakavu hukamilisha mlo. Sato mbichi atanunuliwa mwaloni. Anayebeba makopo anabeba chuma.

Kwenye sanduku la huduma ya kwanza, pakiti za ORS na kipimajoto vitangulie plasta. Historia ya ufukwe huu inaonya kuhusu homa. Machi 1875, Henry Stanley aliondoka Kageye, kijiji cha Ghuba ya Speke, kwa mashua Lady Alice iliyobebwa vipande vipande na wapagazi kutoka pwani, akalizunguka ziwa zima. Aliporejea Mei alikuta mwenzake Frederick Barker, aliyebaki kambini, amekwisha kufariki kwa homa. Siku hizi vipo vipimo vya malaria na dawa zake katika zahanati za vijijini, mradi mzazi asisubiri kesho.

Mahali pa kugeukia

Jambo la mwisho la kupanga ndilo gumu kulisema: ni lini safari itakatishwa. Mzazi aliyetumia fedha na kujigamba kazini hupata shida kugeuka, na mtoto hataki kuonekana ndiye aliyeharibu. Kwa hiyo masharti yaandikwe kabla. Mtoyeyote awe na homa au ashindwe kuweka maji tumboni, safari imeisha. Maji yakibaki chini ya lita moja kwa kila mtu na chanzo kinachofuata hakijulikani, familia inakwenda barabarani. Saa 10 ikifika bila mahali pa kulala, inatafutwa bodaboda au daladala kwenda mji wa karibu, Nyanguge au Magu.

Hiyo ndiyo neema ya Ghuba ya Speke kwa familia. Upweke wake ni wa kweli, lakini barabara kuu hukaa upande mmoja muda wote. Kila siku kwenye karatasi iwe na mistari minne: tunapoanzia, maji yalipo, tunapolala, na njia ya kutokea barabarani. Nakala moja ibaki kwa shangazi au jirani mwenye namba za wote, akijua saa ya kupigiwa kila jioni, na cha kufanya isipopigwa.

Karatasi hiyo aiandike mtoto mkubwa, kwa mkono wake, wazazi wakimwelekeza. Akiulizwa maji ya Jumatano yanatoka wapi na akashindwa kujibu, familia haijawa tayari kuondoka. Akijibu bila kuangalia, mabegi yanaweza kufungwa.